Watalii wa shanta Paje: Dola ndogo, mzunguko mrefu

Na Mwandishi Wetu

SOKO la utalii la Zanzibar limepanda kwa kasi ambayo wafanyabiashara wengi wa visiwani hawakuitarajia. Mwaka 2019 wageni walioingia walikuwa takriban 538,000. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, idadi hiyo ilianguka hadi kiasi cha 260,000. Mwaka 2023 ilivuka 638,000, na mwaka 2024 ikavuka 736,000. Makadirio ya serikali yanauhesabu utalii kuwa unaleta karibu asilimia 30 ya pato la visiwa na kiasi cha asilimia 80 ya fedha za kigeni.

Hizo ni habari njema kwa anayesoma takwimu. Lakini mchuuzi wa kijijini hali takwimu, anakula kinachobaki mkononi mwake baada ya jua kuzama. Kwa sababu hiyo safu hii wiki hii inamtazama mteja ambaye vitabu vya mipango havimtaji sana: kijana wa kigeni anayeshuka katika gari la abiria akiwa na shanta mgongoni, anayeuliza bei mara mbili kabla ya kununua, na ambaye wenye hoteli kubwa humwona kuwa hana faida.

Tumechukua mfano wa Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Hapo ndipo barabara inapogawanyika, mkono wa kulia kuelekea Jambiani na Makunduchi, na wa kushoto kuelekea Bwejuu, Dongwe na Michamvi. Mchanga ni mweupe, maji yanapokupwa bahari hujitenga mbali sana na ufuko, na mambo huenda taratibu. Upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, na wa kaskazi, Desemba hadi Februari, umekifanya kijiji hiki kuwa kituo kinachojulikana cha mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara.

HESABU YA SIKU MOJA

Hebu tuweke mezani matumizi ya siku moja ya mtalii wa aina hii. Haya ni makadirio ya safu hii wala si bei rasmi, na msomaji akumbuke kuwa bei za pwani hupanda na kushuka kwa msimu. Tumehesabu dola moja kwa Sh 2,500.

Kitanda katika chumba cha pamoja pamoja na chai ya asubuhi: Sh 37,500 (dola 15).
Wali na samaki kwa mama lishe, mchana: Sh 6,000.
Chakula cha usiku: Sh 12,000.
Maji ya kunywa: Sh 3,000.
Kukodi baiskeli: Sh 10,000.
Dafu na matunda: Sh 4,000.
Jumla: Sh 72,500, yaani dola 29.

Mwenye hoteli ya ufukweni atacheka. Kwake yeye dola 29 haifiki bei ya chakula cha usiku cha watu wawili. Lakini mwanafunzi yeyote wa biashara atauliza swali la pili, nalo ndilo lenye uzito: fedha hiyo imelipwa wapi, na kwa nani?

Mgeni wa hoteli yenye kila kitu ndani, yaani chumba, chakula na vinywaji kwa bei moja, mara nyingi amelipa kwao kabla hajapanda ndege. Sehemu kubwa ya malipo yake hubaki kwa wakala wa safari, shirika la ndege na kampuni yenye hoteli. Kinachofika kijijini ni mishahara ya wafanyakazi, samaki na mboga zilizonunuliwa hapo, na bakshishi. Akishakula hotelini hana sababu ya kutoka nje kutafuta chapati.

Mtalii wa shanta hana mkataba huo. Katika hesabu yetu vitu sita vimelipwa kwa watu watano au sita tofauti, kwa fedha taslimu, siku ileile. Mama lishe amenunua samaki kwa mvuvi wa asubuhi na nazi kwa jirani. Mwenye baiskeli amemlipa fundi. Shilingi hiyo imepita mikono mitatu kabla haijavuka Jozani kurudi mjini.

Haifai kutia chumvi hapa. Mchele mwingi unaopikwa pwani hutoka nje ya kisiwa, hali kadhalika unga wa ngano, mafuta ya kupikia na sukari. Kwa hiyo katika sahani ya wali ya Sh 6,000 kipo kiasi kinachorudi bandarini kesho yake. Kijiji kinachotaka kubakiza zaidi hakina budi kuuza kinachotoka hapohapo: pweza, samaki, muhogo, nazi na matunda.

GHARAMA KABLA YA KULALA

Jambo ambalo wenye nyumba ndogo za wageni wanapaswa kulielewa ni gharama anazobeba mgeni kabla hajafika Paje. Viza ya kawaida ni dola 50 kwa raia wa nchi nyingi, na dola 100 kwa Wamarekani. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni wa kigeni anatakiwa kununua bima ya safari ya Zanzibar kwa dola 44, ambayo humlinda hadi siku 92. Akitokea Dar es Salaam kwa boti ya kasi, daraja la kawaida kwa asiye mkazi ni takriban dola 35 kwenda na kiasi hichohicho kurudi.

Jumla yake ni dola 164, na hakuna hata moja iliyoingia Paje.

Sasa tazama hesabu inavyobadilika. Mgeni anayekaa siku 4 kwa dola 29 kwa siku anatumia dola 116 kisiwani. Ukijumlisha na zile 164 unapata 280. Maana yake katika kila dola moja ya safari yake, kiasi cha senti 59 zimekwenda kwenye viza, bima na boti. Mgeni huyohuyo akikaa siku 20 anatumia dola 580 kisiwani, na zile 164 zinakuwa senti 22 tu katika kila dola.

Funzo ni wazi. Gharama hizi hazibadiliki kwa urefu wa ukaaji, hivyo kila siku inayoongezeka inamshushia mgeni wastani wa bei ya safari. Mwenye nyumba ya wageni anayeng'ang'ania bei ya usiku mmoja mmoja anauza bidhaa isiyo sahihi. Auze wiki, auze nusu mwezi. Akipunguza asilimia 20 kwa anayekaa siku 14, anapoteza dola 3 kwa usiku katika kitanda cha dola 15, lakini anaokoa kazi ya kutafuta mgeni mwingine, kufua mashuka kila siku, na kamisheni.

Kamisheni nayo si ndogo. Mitandao ya kuwekea nafasi hutoza kwa kawaida asilimia 15 au zaidi. Kwa kitanda cha dola 15 hiyo ni dola 2.25 kila usiku, zaidi ya Sh 5,600. Mgeni akiridhika na kuongeza siku mbele ya mwenye nyumba mwenyewe, kiasi hicho kinabaki nyumbani. Aidha, wapo mapapasi wanaomleta mgeni mlangoni na kudai chao, na gharama hiyo huishia katika bei ya mgeni.

Usafiri una tofauti kubwa zaidi. Gari la abiria namba 309 linalokwenda Jambiani hupita Paje, na nauli yake haifiki Sh 5,000. Teksi ya kukodi kutoka mjini au uwanja wa ndege ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mtalii wa shanta anayajua hayo kabla hajatoka kwao. Nyumba ya wageni inayompa maelezo ya kweli ya kituo, namba na saa ya gari la mwisho imeshaanza kumhudumia kabla hajafika.

MSIMU NA MIIKO

Biashara hii ina miezi ya njaa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hufunga hoteli nyingi za pwani au kuzilazimisha kushusha bei. Nyumba ya familia, yenye wafanyakazi wachache na isiyo na mkopo mkubwa wa benki, inaweza kubaki wazi na kumpokea msafiri anayefuata bei ya chini. Kwa maneno ya kihasibu, gharama zake za lazima ni ndogo, hivyo inavumilia vitanda vitupu kuliko jengo la vyumba 100. Mwaka 2020 ulikuwa mtihani wa jambo hilo kwa kila aliyekuwa na deni.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Migahawa ya kijijini hufungwa mchana na kula hadharani ni kuwakosea heshima wenyeji. Mwenye nyumba mwenye jiko la ndani anaweza kumwuzia mgeni chakula cha mchana kwa staha, na jioni akamkaribisha kwenye futari kwa malipo ya wastani. Vilevile lazima mgeni aambiwe mapema, kwa upole, kuwa nguo za kuogelea zinaishia ufukweni. Mgeni aliyeelezwa huwa mteja mzuri, na aliyeachwa akosee huleta ugomvi kati ya mwenye biashara na majirani zake.

MAJI: PANDE ZOTE ZINADAIWA

Wanaomtetea mtalii wa shanta hupenda kusema kuwa hana madhara. Takwimu za maji hazikubali moja kwa moja. Uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta mwenyeji akitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Pwani ya mashariki ni nchi ya mawe, ambako maji baridi ni mali adimu.

Tufanye hesabu ya mfano. Chumba cha nyumba ndogo kinauzwa dola 30, cha hoteli kubwa dola 300. Ukigawa bei kwa lita, hoteli kubwa inaingiza zaidi ya mara mbili: senti 9.4 kwa lita dhidi ya senti 4.4. Hapo mwenye hoteli kubwa anashinda. Lakini kijiji hakili bei ya chumba, kinakula sehemu inayobaki kijijini. Ikiwa nyumba ndogo inaacha nusu ya bei yake hapo, yaani dola 15, basi hoteli kubwa inapaswa kuacha kama dola 70 kwa kila chumba kila usiku ili ilingane nayo kwa kila lita iliyotumia. Hiyo ni kiasi cha asilimia 23 ya bei yake.

Kipimo hicho kinafaa kuulizwa na kila kamati ya kijiji inapoletewa mradi mpya: mtatuachia kiasi gani kwa kila lita ya maji yetu? Nyumba ndogo nayo haina cha kujivunia. Lita 686 ni zaidi ya mara saba ya matumizi ya mwenyeji, na nyingi zinaweza kupunguzwa kwa bomba lisilovuja na ndoo.

MWANI NA KIWANJA

Paje na Jambiani zilikuwa na biashara kabla ya tiara. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza pwani hii mwaka 1989, na walioshika kazi hiyo kwa wingi ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, hushuka kufunga na kuvuna. Mwani hukaushwa na kupelekwa nje, ambako hutolewa utando unaotumika katika dawa ya meno na vyakula. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwa kuwa maji ya bahari yamepata joto, na ile ya spinosum inayohimili ina bei ya chini.

Ndiyo sababu baadhi ya wakulima hao sasa wanasindika wenyewe. Pale Paje kipo kituo cha mwani kinachotengeneza sabuni na mafuta, na kinachowatembeza wageni shambani kwa malipo. Kilo ya mwani mkavu humpa mkulima shilingi chache, lakini ukishakuwa sabuni yenye karatasi nzuri unauzwa kwa mtalii kwa bei ya dukani. Hiyo ndiyo thamani iliyoongezwa, na wanunuzi wanapita mlangoni kila siku.

Kilichobaki ni kiwanja. Lamu iliwapokea vijana wa shanta tangu miaka ya 1970. Leo Shela, jirani yake, inajulikana zaidi kwa majumba ya kifahari. Wasafiri wa bei ya chini hufungua njia, wenye mitaji hufuata. Zanzibar ardhi ni mali ya umma tangu Mapinduzi ya 1964 na mgeni hupewa kwa mkataba wa kukodi, lakini familia yenye haki ya matumizi na minazi yake inaweza kulipwa mara moja na kuondoka. Fedha ya mkupuo huisha kwa harusi mbili na paa jipya. Baada ya hapo mwenye kiwanja huomba kazi ya ulinzi getini pake mwenyewe.

Ushauri wa safu hii kwa familia yenye kipande karibu na ufuko ni huu: kabla ya kutia sahihi, hesabu vyumba vinne vya kawaida vingekupa nini kwa mwaka, ukiondoa masika. Kama ni lazima kushirikiana na mwenye mtaji, dai sehemu ya mapato kila mwezi badala ya malipo ya mkupuo, na mkataba usomwe na mwanasheria unayemlipa wewe. Haba na haba hujaza kibaba, ila kwa yule ambaye kibaba bado ni chake.