Kiwanja Kisomwe Kabla ya Ramani

Askari wengi hustaafu wakiwa na akiba ya kujenga nyumba moja tu maishani. Akiba hiyo ikifukiwa mahali pabaya, hakuna nyingine. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuzungumze juu ya Nkoma, upande wa kaskazini wa Mbale, ambako nyumba za kisasa zajengwa mbele ya mlima Wanale.

Mvua kubwa ikisha kunyesha, maji huonekana yakining'inia kama nyuzi nyeupe juu ya majabali ya Wanale. Hayabaki huko, hushukia mjini. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha yao Mbale na pembezoni mwake. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zatenga kingo za mito: mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo, na mita 30 kwa mingine. Lakini kiwanja cha bondeni huwa cha bei nafuu, na unafuu huo ndio mtego.

Twastaajabu kumwona askari ambaye kazini hapigi hema kabla ya kukagua maji yatapita wapi, naye akinunua kiwanja siku ya jua kwa maneno matamu ya dalali! Na aende siku ya mvua. Awaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi, tena atazame alama za tope katika kuta za majirani.

Ndipo ramani ichorwe. Mbale i karibu na ikweta, hivyo jua la asubuhi na la jioni huchoma kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu na zielekee kaskazini na kusini, chini ya baraza pana. Ukiwapo mvule, nyumba isogezwe, mti ubaki. Mteremko nao usikatwe wote kwa tingatinga: nyumba ishuke ngazi kwa ngazi juu ya msingi wa mawe, na maji ya paa yaingie tangini.

Lililobaki ni jirani. Siku hizi mtu huanza na ukuta mrefu wenye vigae vya chupa. Ukuta usioachiwa matundu chini huyageuza maji yakaingia chumbani kwa mwenzake, na ugomvi wa namna hiyo hufika kituoni kwa askari wenyewe. Tena hapa ni kwa Wamasaba, ambao katika miaka inayogawanyika kwa mbili huwatahiri vijana wao uani, mbele ya ukoo na majirani. Kiwanja kilichosakafiwa chote kwa saruji, kijana wa imbalu atasimama wapi? Twashauri uachwe uwanja wa udongo mbele ya nyumba, wa kutosha ngoma na wachezaji wake, na lango pana ambalo msafara waweza kulipita bila kuvunja safu.