Baba Yetu (wimbo)

Baba Yetu ni wimbo wa Kiswahili uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005. Maneno yake yametokana na Sala ya Bwana, ila yanarudiwarudiwa ili yafuate mdundo.

Katika mchezo huo mchezaji huongoza taifa tangu nyakati za kale hadi zama za leo. Wimbo husikika kwenye menyu kuu, kabla hajaanza kucheza: mwimbaji mmoja huanzisha na kwaya huitikia. Uliimbwa kwanza na Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikosoma Tin.

Baadaye Tin aliurekodi upya pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, katika albamu Calling All Dawns (2009). Toleo hilo lilipata tuzo ya Grammy mwaka 2011 kwa upangaji wa muziki. Ndiyo mara ya kwanza muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo, nao ulikuwa kwa Kiswahili. Leo huimbwa na kwaya nyingi, hata za watu wasioujua mchezo wenyewe.