Je, Wajua? Baiskeli za Paris Hukimbilia Bondeni

Jijini Paris kuna watu ambao kazi yao ni kupandisha baiskeli mlimani. Huzipakia kwenye magari huko chini karibu na mto Seine, ambako vituo vimefurika, wakaenda kuzishusha Montmartre na Belleville, ambako vituo vimebaki vitupu. Asubuhi mkazi wa mlimani huchukua baiskeli akateremka nayo kwa raha, karibu bila kunyonga. Jioni, mwili umechoka, hurudi kwa treni.

Baiskeli hizo ni za Vélib', mfumo ulioanza tarehe 15 Julai 2007, Meya akiwa Bertrand Delanoë. Unachukua kituo hiki, unarudisha kile. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1965, vijana wa kundi la Provo huko Amsterdam walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani, atakaye apande. Polisi wakazizoa, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli. Kilichokosekana ni njia ya kumjua aliyechukua, na hiyo ilipatikana kwa kadi ya elektroniki, iliyotumika Rennes mwaka 1998, kisha Lyon mwaka 2005.

Vélib' ya kwanza ilikuwa ya kijivu, ina kapu mbele, gia tatu, na uzito wa kilo 22 hivi. Chuma cha namna hiyo hakipandi Montmartre, kilima chenye kilele cha mita 130 hivi, bila kumtoa mtu jasho. Basi mwaka 2008 ikaanzishwa zawadi: aliyerudisha baiskeli kituo cha mwinuko wa zaidi ya mita 60 aliongezewa dakika 15 za bure juu ya ile nusu saa ya kawaida. Tangu 2018 zimeongezwa baiskeli za umeme, zenye rangi ya buluu. Za kunyonga ni za kijani.

Kabla ya kuchukua, tazama siti. Ikiwa imegeuzwa ikaelekea nyuma, iache hapo hapo: aliyekutangulia anakuonya kwamba tairi lina pancha, au breki hazishiki. Ni desturi iliyozuka kwa wapandaji wenyewe, na kwangu mimi ndilo jambo zuri kuliko yote katika mfumo huu, kwamba mtu aliyeharibikiwa na safari anasimama kidogo kumwokoa asiyemjua.

Mgeni anayetaka kuujua mji aanzie juu. Akifika kwa treni ya chini ya ardhi hatajua kama kuna mlima. Miguu juu ya pedali itamwambia. Ateremke polepole mpaka Seine, ashike barabara ya ukingo wa kulia, iliyofungwa kwa magari tangu 2016. Akimaliza, asukume baiskeli mpaka ijifunge kwenye nguzo, kisha ahakikishe imeshika kweli. Isiposhika, saa inaendelea kuhesabu, na malipo ni yake.