Nguvu ya Mkono Huanzia Mguuni

Sisi tufundishao watoto huwaona kila msimu wakiyalenga maembe kwa mawe. Asimamaye wima na kutumia mkono peke yake, jiwe lake halifiki, na jioni bega humuuma. Mwenziwe aliye mwembamba kuliko yeye hutanguliza mguu, akageuza kiuno, ndipo mkono ukafuata; na embe huanguka. Katika jambo hili dogo limo funzo kubwa kwa vijana wapendao michezo, na kwa wazee wao pia.

Huko Marekani uko mchezo wa besiboli, ambao mtu mmoja humtupia mpigaji mpira mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi, kutoka umbali wa mita 18 na kidogo. Watupaji hodari huupeleka kwa mwendo upitao kilomita 150 kwa saa. Mrusho wa namna hiyo, ukirudiwa bila ya mapumziko, huweza kuikata kano ya kiwiko.

Yalimpata hayo Tommy John mwaka 1974. Daktari Frank Jobe alitoa kano katika mkono wake wa kulia, akaipandikiza katika kiwiko cha kushoto. Mwaka mzima wa 1975 hakucheza. Akarejea 1976, akaendelea hata 1989. Tangu hapo wengi wamepasuliwa vivyo hivyo, na la kusikitisha ni kuwa wamo na wanafunzi wa shule. Kwa hivyo mwaka 2014 wakuu wa mchezo huo walitoa mwongozo: mtoto wa miaka 7 au 8 asitupe zaidi ya mara 50 kwa siku, wala wa miaka 13 au 14 asipite 95, kisha apumzike kwa kadiri alivyotupa.

Zamani walimu wengi wa besiboli walikataza kunyanyua vyuma, wakidhani kuwa misuli mikubwa humkakamaza mtu. Nolan Ryan alianza kuvinyanyua mwaka 1972, desturi ingali inakataza. Naye alikuwa akitupa hata mwaka 1993, umri wake miaka 46.

Lakini nguvu bila ya wepesi wa viungo haitoshi. Kijana na aupashe mwili moto kwanza. Achuchumae na kuinuka, apige hatua ndefu goti likikaribia ardhi, miguu ipate nguvu. Ageuze kiuno taratibu, kulia na kushoto, nyonga zilegee. Kisha afunge ukanda wa mpira mlangoni, auvute kwa nyuma. Kwani misuli iliyo nyuma ya bega ndiyo iuzuiayo mkono baada ya mpira kutoka. Mara mbili au tatu kwa wiki zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Mambo haya si ya besiboli tu. Julius Yego wa Kenya, alipourusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015, alikimbia kwanza, mguu wa mbele ukakita, ndipo mkono ukamalizia.

Enyi wazazi, uchovu wa misuli hupita, lakini maumivu ya kiungo ni onyo. Kijana huyaficha asije akaachwa nje ya timu. Basi umwonapo mwanao akishika kiwiko baada ya mchezo, usimwambie avumilie. Mwambie apumzike, na yakizidi umpeleke kwa daktari.