Uzi Mmoja, Mafundo Machache: Sayansi ya Kushona Msamba Baada ya Kujifungua

Wanawake wawili wamejifungua hospitali moja, usiku mmoja. Wote wamechanika msamba kiasi kilekile na wameshonwa kwa uzi wa aina ileile. Siku ya kumi, mmoja anakaa kwenye kiti na kumnyonyesha mwanawe bila shida. Mwenzake bado anakalia upande mmoja, na anaogopa kwenda haja. Kwa muda mrefu tofauti hii ilielezwa kwa maneno mepesi: kila mwili na wake, au huyu hana uvumilivu. Wakunga waliofanya utafiti wametupa jibu jingine: mara nyingi tofauti inatokana na njia iliyopita sindano.

Msamba ni sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kichwa cha mtoto kinapotoka, sehemu hiyo hutanuka mno, na mara nyingi huchanika. Uingereza, ambako takwimu za uzazi huwekwa kwa makini, inakadiriwa kuwa zaidi ya wanawake 85 kati ya kila 100 wanaojifungua kwa njia ya kawaida hupata jeraha la msamba, dogo au kubwa. Wengine huchanika wenyewe, wengine huongezewa njia, yaani mkunga hukata msamba kwa mkasi ili mtoto apite.

Wataalamu hupanga michaniko katika madaraja manne. Daraja la kwanza hugusa ngozi na utando wa uke tu. La pili hufika kwenye misuli ya msamba, na jeraha la kuongezewa njia kwa kawaida huhesabiwa hapa. La tatu hukata msuli wa duara unaobana njia ya haja kubwa, na la nne hupasua hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Akina mama wengi wanaoshonwa wana jeraha la daraja la pili, na ndilo lililofanyiwa utafiti mwingi zaidi.

Mafundo mengi au uzi wa mfululizo?

Mtindo wa zamani una hatua tatu. Kwanza ukuta wa uke hushonwa. Kisha misuli huunganishwa kwa mishono inayojitegemea, kila mmoja na fundo lake. Mwisho ngozi hushonwa vivyo hivyo, fundo baada ya fundo, ncha za nyuzi zikitokeza nje.

Mtindo wa mfululizo hutumia uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkunga hufunga fundo la kwanza juu kidogo ya pale jeraha linapoanzia ndani ya uke, akashuka na uzi hadi nje, akapita kwenye misuli, kisha akapanda tena chini ya ngozi bila kuitoboa kwa juu. Fundo la mwisho hufichwa ndani ya uke. Uzi haukazwi, kazi yake ni kuzikutanisha nyama, zisibanwe.

Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na mkunga Christine Kettle huko North Staffordshire, Uingereza. Wanawake 1,542 waliochanika daraja la pili au walioongezewa njia walipangiwa mtindo wa kushonwa kwa bahati nasibu. Siku ya kumi, asilimia 44 ya walioshonwa kwa mafundo walikuwa bado na maumivu. Kwa walioshonwa kwa mfululizo walikuwa asilimia 26.5. Maana yake ni kwamba katika kila wanawake sita hivi walioshonwa kwa mfululizo, mmoja aliepushwa maumivu ambayo angekuwa nayo. Miaka kumi baadaye, mapitio ya shirika la utafiti la Cochrane yaliunganisha majaribio 16 yenye wanawake zaidi ya 8,000 kutoka nchi mbalimbali, na mwelekeo ukawa uleule: maumivu kidogo, dawa za kutuliza chache, na nyuzi chache za kurudi kutolewa.

Chanzo ni uvimbe. Katika siku chache baada ya kujifungua msamba hufura. Mshono wenye fundo lake hauna pa kulegea, hivyo nyama ikifura uzi hubana kama pete kwenye kidole kilichovimba. Uzi wa mfululizo usiokazwa hugawa mvuto huo katika urefu wake wote. Isitoshe, ngozi ya nje imejaa miisho ya mishipa ya fahamu. Uzi unaopita chini yake huikwepa mingi, ilhali mafundo ya juu huitoboa na kuikwaruza kila mama anapokaa au kutembea.

Uzi wa utumbo na uzi wa maabara

Kwa vizazi vingi uzi wa kushonea wazazi ulikuwa katigati, unaotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Ule uitwao kromiki ni katigati iliyotiwa chumvi za kromi ili ichelewe kuyeyuka. Kwa kuwa ni protini ya mnyama, mwili huipokea kama mgeni: seli za kinga hukusanyika na vimeng'enya huumeng'enya uzi taratibu. Vita hivyo ndivyo vinavyoongeza uvimbe na maumivu. Nchi za Ulaya ziliiondoa katigati sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, hofu kubwa ikiwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Katika ukanda wetu kromiki bado inatumika, kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Miaka ya 1970 ziliingia nyuzi za maabara. Inayojulikana zaidi ni poliglaktini 910, iliyouzwa kwa jina la Vicryl. Hii huvunjwavunjwa na maji ya mwilini, kwa hiyo uchungu wake ni mdogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2010, yenye majaribio 18 na wanawake zaidi ya 10,000, yalionyesha kuwa nyuzi za aina hii huleta maumivu machache kuliko katigati katika siku za mwanzo.

Ila zilikuja na kero yake. Vicryl ya kawaida hukaa mwilini wiki nane hadi kumi, wakati msamba umeshapona zamani. Vipande vilivyobaki huchoma, na mama hulazimika kurudi kutolewa nyuzi. Watengenezaji wakaupiga uzi uleule mionzi ili uchoke mapema. Huo, Vicryl Rapide, hupoteza nusu ya nguvu yake katika siku tano hivi na kumalizika mwilini kwa wiki sita hivi. Katika jaribio la Kettle, waliotolewa nyuzi walikuwa asilimia 13 kwa uzi wa kawaida, na asilimia 3 tu kwa huu wa haraka.

Ngozi ishonwe, iachwe au igandishwe?

Baadhi ya watafiti waliuliza kama ngozi ya juu inahitaji kushonwa hata kidogo. Majaribio ya Ipswich, Uingereza, na mengine ya Nigeria yaliwashona wanawake uke na misuli tu, kingo za ngozi zikaachwa zikikaribiana bila uzi. Miezi mitatu baadaye, waliokuwa wakiumia katika tendo la ndoa walikuwa wachache kuliko wale walioshonwa ngozi. Hii haimaanishi kuiacha misuli wazi. Jaribio la Scotland lililowaacha baadhi ya wanawake bila kushonwa kabisa lilikuta kwamba, wiki sita baadaye, majeraha yao hayakuwa yamekutana vizuri.

Gundi nayo imeingia leba. Kemikali zake, saianoakrileti, zilionekana mara ya kwanza miaka ya 1940, watafiti walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Ziliwakera kwa kunata kila mahali. Leo aina maalumu za kitabibu hufunga michaniko ya daraja la kwanza kwa muda mfupi na kwa maumivu machache, na kovu lake halizidi la uzi. Lakini gundi hugandisha ngozi tu. Msuli uliokatika haiuwezi. Na gundi ya dukani isikaribie jeraha, maana hutoa joto na sumu ambazo ile ya kitabibu imetengenezwa kuziepuka.

Daraja la tatu na la nne ni habari nyingine. Hayo hushonwa chumba cha upasuaji, na mtaalamu aliyefunzwa, kwa nyuzi zinazodumu muda mrefu zaidi. Yakikosewa, mama anaweza kushindwa kuzuia choo au hewa. Ndiyo sababu mkunga makini humpima mzazi kwa kidole njia ya haja kubwa kabla na baada ya kushona. Bila kipimo hicho, mchaniko mkubwa unaweza kudhaniwa mdogo.

Kabla na baada ya sindano

Mshono mzuri usio na ganzi ni mateso. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba baada ya kuchoma ganzi, mkunga asubiri dakika 2, kisha abane kidogo kwa koleo. Mama akihisi, asubiriwe dakika 2 nyingine. Neno "vumilia" halimo katika mwongozo huo. Shirika hilo pia, tangu mwaka 2018, halipendekezi kumwongezea njia kila mzazi kwa mazoea. Linapendekeza kukandwa msamba kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu wakati wa kusukuma, ili michaniko mikubwa ipungue.

Nyumbani, wengi huambiwa wakalie maji ya moto yenye chumvi. Jaribio la Uingereza la mwaka 1988, lenye wanawake 1,800, halikuona chumvi ikipunguza maumivu wala kuharakisha kupona. Maji safi ya kawaida yanatosha, na maji ya moto sana yanaweza kuunguza ngozi iliyokufa ganzi au kuvimba. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi na parasetamoli vina ushahidi bora zaidi. Usaha, harufu mbaya, homa, mshono kuachia au choo kutoka bila kuzuilika ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Uzi wa bei unaweza kukosekana stoo, na gundi vivyo hivyo. Mshono wa mfululizo hauhitaji kifaa kipya. Mara nyingi hutumia pakiti moja ya uzi pale ambapo mafundo hula mbili au zaidi. Unachohitaji ni mkono uliofundishwa, taa ya kutosha na muda. Vyuo vya wauguzi na wakunga viufanye somo la vitendo kwa kila mwanafunzi, na wakunga wakongwe wapewe nafasi ya kujinoa. Nawe mama mtarajiwa, kliniki ya wajawazito ni mahali pa kuuliza mapema: nikichanika nitachomwa ganzi, na nitashonwa kwa mtindo gani? Una haki ya kujibiwa.