Je, Uchafu wa Mtaroni Tunauungama?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanzia ufukweni. Sisi wa Msasani twaijua harufu ya mitaro masika yanapoingia. Usiku mvua ikipiga, wapo wanaofungulia maji ya choo yaende na mafuriko, na wengine humwaga mtaroni taka za wiki nzima. Asubuhi mtaro umekuwa safi, tunamshukuru Mungu. Lakini uchafu ule haukwenda mbali. Umeshuka baharini, pale pale watoto wetu wanapoogelea jioni. Na wafanyao hivyo si wapagani: wengine tuko nao kanisani Jumapili, wengine huwa msikitini Ijumaa.

Tazameni habari ya baruti. Sheria ya mwaka 1970 ilipiga marufuku kuvua kwa baruti, na mwaka 1975 visiwa vya hapa mbele yetu, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilitengwa kuwa hifadhi. Hata hivyo milipuko iliendelea kusikika pwani hii kwa miaka mingi. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa pamoja na vifaranga, wengi huzama bila kuokotwa, na matumbawe yakishavunjika huchukua miaka mingi sana kuota tena. Wapo wavuvi waliopoteza mikono kwa kazi hiyo. Na mama anayemlisha mtoto ugali kwa mboga za majani kila siku kwa sababu samaki hashikiki bei, huyo naye ameumizwa na baruti, ingawa hakuusikia mshindo.

Sheria basi ilikuwepo. Huko Pemba walijaribu kuongezea kitu kingine juu ya sheria. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba, kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Hadhara alipofika pale aliomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake. Ndipo jina likatoka. Wavuvi na viongozi wao wa dini walikaa kitako kuitafakari Qurani, inayomfundisha mwanadamu kwamba yeye ni khalifa, yaani mtunzaji aliyekabidhiwa dunia, wala si mwenye mali. Boti ya doria mvuvi aweza kuikwepa. Mungu atamkwepea wapi? Hatusemi kwamba matatizo ya Misali yalikwisha yote. Twasema tu kwamba lililokuwa kosa mbele ya serikali lilianza kuonekana kuwa dhambi, na mtu huogopa dhambi hata pasipo askari.

Kwetu Wakatoliki fundisho hili si geni. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990, alisema kuharibu mazingira ni suala la maadili. Papa Fransisko alitoa waraka mzima, Laudato si', mwaka 2015, akakumbusha kwamba maskini ndio waumiao zaidi. Mwaka ule ule tuliyaona hayo nyumbani: mwezi Agosti kipindupindu kililipuka Kinondoni, wilaya yetu wenyewe, kikaenea mikoa mingi, hata sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zikageuzwa kuwa siku ya usafi. Na kipindupindu, tusioneane haya, ni kinyesi cha mtu kinachofika mdomoni mwa mwenzake. Tukijiandaa kwa kitubio twahesabu uongo, hasira na kukosa Misa. Nani kati yetu amewahi kutaja choo alichokifungulia mvua?

Rambo zilikatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019 na vikapu vimerudi sokoni, jambo jema. Chupa na vifuko vingine vya plastiki bado vinaziba mitaro. Msivichome uani, kwani moshi wake hudhuru vifua vya watoto. Vikusanyeni pamoja na taka za kubebwa na gari. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono inawe kwa sabuni kila utokapo chooni. Mtu akianza kuharisha maji maji, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitamsaidia njiani. Lakini njia yenyewe iwe ya kwenda zahanati, mara moja.

Liliobaki ni choo, na hapa ndipo penye gharama. Gari la kunyonya maji machafu si rahisi kwa mpangaji mmoja. Jumuiya ndogondogo zaweza kulizungumza baada ya sala, na majirani Waislamu wakaalikwa, maana mtaro ni mmoja. Nyumba ya wapangaji sita wakichanga kidogo kidogo kila mwezi, gari laweza kuitwa Februari, kabla ya masika.