Kolekole wa Muanda ni wetu pia

Kila mpishi wa Lubumbashi anaujua mstari mgumu ulio ubavuni mwa Thomson. Kabla samaki hajaingia kwenye mafuta, kisu lazima kipite pale, kuanzia mkiani, kiukwangue wote, la sivyo mtoto atalia mezani. Mstari huo ni magamba yaliyokomaa yakawa kama meno ya msumeno, na ndiyo alama ya ukoo wake. Thomson anatufikia akiwa ameganda ndani ya katoni, baada ya safari ndefu ya lori kutoka bandari ya Walvis Bay kule Namibia, kupitia Katima Mulilo, Livingstone, Lusaka, hadi foleni ya Kasumbalesa. Tunamkaanga, tunamla na bukari na lengalenga, na hapo ujuzi wetu juu ya ukoo huo unakwisha.

Lakini Thomson ni mdogo wao. Ndugu zake wakubwa, wale ambao Waswahili wa pwani ya Bahari ya Hindi huwaita kolekole, ni miongoni mwa samaki wenye nguvu kuliko wote wanaoweza kuvuliwa na mtu aliyesimama mchangani. Kolekole wa bahari ya magharibi, ambaye wataalamu humwita Caranx hippos, hufikia urefu wa mita 1.2 na uzito wa kilo 30 na zaidi. Anapatikana katika pwani ya magharibi ya Afrika kuanzia kaskazini mpaka Angola. Maana yake anapatikana pia katika nchi yetu, pale Muanda.

Najua msomaji wa hapa mjini atasema Muanda ni mbali. Ni kweli, kwa ndege ni zaidi ya kilomita 1,700. Hata Dar es Salaam iko karibu nasi kuliko pwani yetu wenyewe. Na pwani hiyo ni fupi, kama kilomita 37 tu, imebanwa kati ya Cabinda na mdomo wa mto Kongo. Ila hebu fuata maji. Mto Lubumbashi, huu unaopita katika komini yetu, unaingia Kafubu. Kafubu unaingia Luapula. Luapula unajaza ziwa Moero, na kutoka Pweto maji yanashuka kwa mto Luvua hadi Lualaba, yanapita Kindu na Kisangani, yanakata msitu wote, yanapita Kinshasa na Matadi, mpaka Banana. Hapo kila sekunde mto unamimina baharini kama mita za ujazo 41,000 za maji, kiasi ambacho ni Amazon peke yake unaokizidi. Tone lililonyesha juu ya bati la hapa mtaani Makutano linaweza kufika pale kolekole anapowinda. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba samaki huyu hatuhusu.

Na anawinda pale kwa sababu. Kolekole mchanga hapendi bahari ya wazi. Hukulia kwenye maji yaliyochanganyika chumvi na baridi, ndani ya vijito na midomo ya mito, ambako kamba na samaki wadogo ni wengi na maadui ni wachache. Mdomo wa Kongo una mikoko, ile miti yenye mizizi iliyosimama majini, na tangu mwaka 1992 sehemu hiyo inalindwa kama Hifadhi ya Bahari ya Mikoko. Anapokomaa anatoka, anazunguka ufukweni pamoja na kundi lake, akisukuma mikizi kuelekea nchi kavu mpaka wakose pa kukimbilia. Hapo ndipo mvuvi wa ufukweni anapompatia.

Wanaovua Luapula kule Kasenga wanamjua manda, samaki wa meno makali. Manda akinaswa anaruka juu ya maji, anatikisa kichwa, na mara nyingi anaitema ndoana kabla hujakaza mkono. Pambano lake ni la moto na halichukui muda. Kolekole ni kinyume chake. Haruki. Anainamisha kichwa na kukimbia, na mwendo wake haukatiki. Ukimtazama umbo utaelewa: mwili mpana wa ubavuni, paji la uso lililosimama wima, kiuno chembamba mbele ya mkia, na mkia wenyewe mgumu, umegawanyika panda mbili. Misuli yake ina damu nyingi, ndiyo maana nyama yake ni nyekundu kuliko ya samaki wengi wa baharini, na misuli ya namna hiyo haichoki upesi. Akishaona ameshindwa kwenda mbali, anageuza ubavu wake wote dhidi ya mshipi. Sasa unavuta upana wa samaki pamoja na bahari iliyomwegemea. Mkubwa wao anaweza kukushughulisha nusu saa, pengine saa nzima. Akifikishwa mchangani hukoroma, sauti nzito kabisa, kwa kusaga meno yaliyo kooni mwake, na kibofu chake cha hewa kinaikuza sauti hiyo.

Kumvua kutoka ufukweni kunaanza kwa macho kabla ya mikono. Simama juu ya mchanga mkavu uangalie mawimbi yanavunjika wapi. Pale yanapovunjika kuna fungu la mchanga chini yake. Kati ya fungu hilo na ufukwe huwa kuna bonde lenye maji meusi kidogo, na bonde hilo ndiyo barabara ya samaki. Pale fungu lilipokatika, maji yanatoka kwa kasi kurudi baharini yakibeba chakula, na kolekole hulijua lango hilo. Saa nzuri ni alfajiri na magharibi, hasa maji yanapoanza kujaa au kupwa. Ukiona ndege wanajitupa majini na mikizi wanaruka kwa pamoja, usitafute dalili nyingine.

Ufito uwe mrefu, mita tatu hadi nne, ili mshipi upite juu ya mawimbi. Kigurudumu kiwe na mshipi wa kusokotwa, mita 300 au zaidi, na mbele yake kipande kinene kinachohimili msuguano wa mchanga na yale magamba ya ubavuni. Chambo kizuri kuliko vyote ni mkizi mzima, aliye hai. Wenye chambo cha bandia hutumia kile kinachopiga kelele juu ya maji, na siri yake ni kukirudisha haraka. Kolekole anadharau kitu kinachotembea polepole. Akishika, acha breki ya kigurudumu ifanye kazi na utembee naye pembeni mwa maji. Anayesimama mahali pamoja akishindana naye kwa mabega hukata mshipi. Mwishoni, wimbi linaloingia ndilo linalompandisha, na wimbi linaporudi legeza, kwa maana uzito wa samaki na wa maji vikiungana hakuna mshipi wa kuvizuia. Mshike mkiani kwa glavu. Ule msumeno unaokwanguliwa kwa Thomson jikoni, kwa huyu unapasua kiganja.

Kusini na kaskazini ya Muanda watu wameshalijua jambo hili. Rekodi ya dunia ya samaki huyu, kilo 30, iliwekwa Angola mwaka 2010. Kule Gabon, kwenye midomo ya mabwawa ya Iguela na Sette Cama, wageni wanatoka Ulaya na Afrika Kusini, wanalipa kulala, kula na kuongozwa, ili wasimame usiku mchangani wakimngoja kolekole. Muanda iko katikati ya nchi hizo mbili, ina mto mkubwa kuliko yote yao, na jina lake halitajwi katika mazungumzo ya wavuvi hawa. Linatajwa kwa sababu ya mafuta. Linanisikitisha hilo, kwa kuwa visima vya mafuta vina mwisho wake.

Hata hivyo, kabla hatujaita wageni, Katanga ina jambo la kuiambia pwani. Wafanyakazi wa shaba wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walilishwa kwa miaka mingi na samaki wa Luapula, waliokusanywa Kasenga na wafanyabiashara wa Kigiriki na kuletwa mjini juu ya barafu. Aliyependwa kuliko wote alikuwa mpumbu. Mpumbu alikuwa akipanda mto kwa makundi makubwa, mvua zikija, kwenda kutaga, na nyavu zilimngoja njiani akiwa na mayai tumboni. Kufikia katikati ya karne ya 20 makundi yale yalikuwa yameanguka, na hayakurudi kuwa kama zamani. Wazee wa Kasenga bado wanalitaja jina la mpumbu kwa uchungu.

Kolekole naye anaweza kumalizwa hivyohivyo. Huanza kuzaa akiwa na miaka minne hadi sita, urefu wake ukiwa umepita nusu mita. Anayevuliwa kabla ya hapo hajaacha kitu nyuma, na yule mkubwa wa kilo 20 ndiye anayetoa mayai mengi zaidi. Nyama ya mkubwa huyo ni ngumu na nzito, haimshindi mdogo kwa utamu hata ukimchinja na kumtoa damu papo hapo. Hivyo apimwe, apigwe picha, ashikwe majini huku kichwa kikielekea mkondo mpaka mkia wake upate nguvu, aende. Ndoana iwe ya ncha moja, kimiba chake kimebanwa kwa koleo, itoke bila kuchana taya. Wa chakula achaguliwe kati ya wale wa katikati, na asizidi mahitaji ya nyumba.

Nasi wa juu ya mto tuna sehemu yetu. Kafubu umebeba taka za migodi na viwanda tangu enzi za baba zetu, na wanaolima bustani kandokando yake wanalijua hilo kwa macho na kwa pua. Nikisema maji haya yanafika Banana, nasema pia kwamba kinachotupwa humu kina njia ya kusafiri, hata kama Moero na mabwawa yake yanazuia mengi.

Atakayetaka kwenda, njia ni ndege hadi Kinshasa, kisha barabara ya Matadi na Boma mpaka Muanda. Afunge safari akiwa na mshipi wa akiba, koleo, glavu na viatu vya kuingia majini. Akae mbali na mdomo wenyewe wa mto, maana mkondo wa pale unabeba mtu mzima, na chini yake kuna korongo refu la bahari linaloanzia ndani kabisa ya mto. Asiingie eneo la hifadhi bila ruhusa. Na asubuhi ya kwanza aache ufito chumbani, ashuke ufukweni mikono mitupu, awaulize wavuvi wa Muanda wanaokokota nyavu zao mikizi wamepita wapi wiki hii, na awalipe kwa jibu lao kama anavyomlipa dereva.